Mizani, Kina na Kituo: Namna ya Kuunganisha Kisomaji cha Mkononi na Tarakilishi kwa Waya na Bila Waya

1.0 Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kueleza, kwa hatua zinazofuatika, namna ya kuunganisha kisomaji cha mkononi na tarakilishi kwa njia mbili: kwa waya wa mawasiliano ya mfululizo na kwa mawimbi ya redio ya Bluetooth. Kisomaji tunachokirejelea si kile cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Ni kile kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi na kumulika msimbopau, yaani lile fungu la mistari myeusi lililo nyuma ya kitabu au kwenye pakiti ya unga. Msimbopau wa bidhaa ulisomwa dukani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, jimbo la Ohio nchini Marekani. Leo hii kisomaji kimekuwa kifaa cha kawaida katika maduka na maktaba zetu.

Huenda msomaji akauliza: mwanafasihi ana nini na nyaya? Jibu lina pande mbili. Kwanza, vitabu tunavyovisoma na kuvihakiki hukaa kwenye rafu, na rafu huhitaji kuhesabiwa. Katika maktaba ndogo za idara, za shule na za vyama vya wanafunzi, kazi hii huachiwa wanafunzi wa kujitolea. Namba ya kitabu ikiingia vibaya kwenye orodha, kitabu hicho hupotea ilhali kipo rafuni, kwa kuwa anayekitafuta ataambiwa hakipo. Pili, maelekezo ya vifaa hivi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Mwanafunzi mmoja akiyaelewa hugeuka kuwa mwenye kifaa; akihitimu na kuondoka, kifaa hulala kabatini. Tunapodai kwamba Kiswahili kinaweza kubeba taaluma zote, hatuna budi kukipa pia mzigo huu mdogo wa kila siku.

Hoja kuu ya makala ni hii: vifaa viwili haviwezi kuzungumza pasipo makubaliano ya awali. Waya ukiondolewa, makubaliano hayaondoki. Hubadilika sura tu. Mwanafunzi wa ushairi ana faida hapa, maana ameshazoea sanaa inayosimama juu ya makubaliano ya mizani, vina na vituo.

2.0 Kisomaji Kinasoma Nini?

Kabla ya kuunganisha chochote, ni muhimu tufahamu kinachosafirishwa. Msimbopau ulio nyuma ya kitabu hubeba tarakimu 13 za ISBN. Tangu tarehe 1 Januari 2007, ISBN imekuwa na tarakimu 13. Hapo awali zilikuwa 10. Tatu za mwanzo huwa 978 au 979. Zinazofuata hutambulisha nchi, eneo au lugha: 9966 ni miongoni mwa zinazotumiwa na Kenya, 9976 na 9987 na Tanzania, na 9970 na Uganda. Kisha hufuata tarakimu za mchapishaji na za kitabu chenyewe. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi.

Tuichukue namba 9789966123459, ambayo tumeiunda kwa mazoezi tu. Tarakimu 12 za kwanza huzidishwa kwa zamu kwa 1 na kwa 3, kisha majibu hujumlishwa: 9+21+8+27+9+18+6+3+2+9+4+15, jumla yake ikiwa 131. Kutoka 131 hadi kufikia kumi kamili inayofuata, yaani 140, zinahitajika 9. Hiyo 9 ndiyo tarakimu ya mwisho. Mtu akikosea tarakimu moja, hesabu itamfichua. Hata hivyo, ukaguzi huu una mipaka. Tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5 zikibadilishana nafasi, kosa halionekani. Katika namba yetu, 6 na 1 zilizo katikati zikipishana tutapata 9789961623459, nayo itapita salama ingawa si namba tuliyoikusudia. Hii ni sababu moja ya kupendelea kisomaji badala ya kuandika namba kwa vidole.

Kisomaji chenyewe kwa kawaida hufanya hesabu hii kabla ya kulia. Kutokana na hili tunapata kanuni ya kwanza ambayo msomaji anapaswa kuishika: mlio wa kisomaji huthibitisha kwamba msimbopau umesomwa, hauthibitishi kwamba tarakilishi imepokea kilichosomwa. Kati ya kusoma na kupokea kuna safari, na safari hiyo ndiyo mada yetu.

3.0 Muunganisho wa Waya

3.1 Mshororo wa biti

Katika mawasiliano ya mfululizo, biti hupita moja baada ya nyingine katika waya mmoja, mithili ya watu wanaovuka daraja la kamba linalobeba mtu mmoja kwa wakati. Kiwango maarufu zaidi cha mawasiliano ya aina hii ni RS-232, kilichotolewa nchini Marekani mwaka 1960. Kiungio chake tunachokifahamu zaidi kina pini tisa. Upande wa tarakilishi, pini ya 2 hupokea, pini ya 3 hutuma, na pini ya 5 ni ya ardhi, yaani ile ambayo volti za nyingine hupimwa kwayo. Kinachotumwa na kimoja sharti kifikie sehemu ya kupokea ya kingine. Vinywa viwili vikielekezana pasipo sikio hapana mazungumzo.

Kila herufi au tarakimu husafiri katika fungu lake. Fungu huanza kwa biti ya mwanzo inayoiamsha tarakilishi, hufuatwa na biti za data, pengine biti ya ukaguzi, na hufungwa kwa biti ya kituo. Pande zote mbili zinapaswa kukubaliana kuhusu mambo manne yafuatayo.

(a) Kasi. Huu ni mwendo wa kughani. Kasi iliyozoeleka ni biti 9600 kwa sekunde. Mmoja akighani upesi na mwingine akasikiliza polepole, kitakachopokelewa ni takataka.

(b) Idadi ya biti za data. Hizi ndizo mizani. Huwa 7 au 8. Kama vile tarbia nyingi zinavyogawa mshororo katika vipande viwili vya mizani 8, ndivyo mpokeaji anavyohesabu biti ili ajue fungu limekamilika.

(c) Biti ya ukaguzi. Hii tunaweza kuilinganisha na kina. Katika ukaguzi wa shufwa, mtumaji huongeza biti moja ili idadi ya 1 zilizomo iwe shufwa. Mpokeaji akikuta witri, anajua kwamba kuna kosa, kama msikilizaji anavyojua kwamba neno limebadilishwa pale kina kinapovunjika. Biti mbili zikiharibika kwa pamoja, kosa hupita bila kuonekana. Ukaguzi huu waweza pia kuondolewa kabisa.

(d) Biti ya kituo. Huwa 1, na mara chache 2. Kama kituo cha ubeti, hutangaza kwamba kilichotangulia kimekwisha.

Bila shaka ulinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Kina humfurahisha msikilizaji. Biti ya ukaguzi haina urembo wowote. Kinachofanana ni kwamba katika ushairi na katika waya, kanuni inayojulikana na pande zote mbili ndiyo inayofichua kosa.

Mafundi huandika makubaliano haya kwa ufupi. 8N1 ni biti 8 za data, pasipo ukaguzi, na kituo kimoja. 7E1 ni biti 7, ukaguzi wa shufwa, na kituo kimoja. Katika 8N1 kila herufi huchukua biti 10, hivyo basi kasi ya 9600 hupitisha herufi 960 kwa sekunde. ISBN yenye tarakimu 13 pamoja na alama ya tamati ni herufi 14. Husafiri kwa muda usiofika sehemu mbili za mia za sekunde. Hakuna haja ya kuongeza kasi kwa kazi ya maktaba.

3.2 Hatua za kuunganisha

Hatua ya kwanza: chunguza kiungio. Tarakilishi nyingi za siku hizi hazina tundu la pini tisa. Ikiwa yako haina, tumia kebo ya kugeuza inayochomekwa kwenye USB, na usakinishe programu-endeshi yake. Kumbuka pia umeme: USB humpa mgeni wake volti 5, lakini tundu la RS-232 halikuundwa kulisha kifaa. Visomaji vingi vya RS-232 huhitaji chaja au kebo ya ziada ya umeme.

Hatua ya pili: tambua poti. Poti ni mlango ambao programu huutumia kufikia kifaa. Katika Windows, fungua Device Manager utazame sehemu ya poti. Utaona jina kama COM3 au COM5. Ukiwa na shaka, chomoa kebo uone jina lipi linatoweka, kisha uichomeke tena.

Hatua ya tatu: rudisha kisomaji katika hali ya kiwandani. Visomaji vingi havina vitufe vya mipangilio. Hupangwa kwa kusomeshwa misimbopau maalumu iliyochapishwa katika kijitabu chake. Soma kwanza msimbo wa kurejesha hali ya kiwandani, kisha wa kuchagua RS-232, kisha wa kasi, wa biti za data, wa ukaguzi na wa kituo. Funika kwa karatasi misimbo ya jirani ili usisome usiyoitaka.

Hatua ya nne: weka alama ya tamati. Hii ni herufi isiyoonekana inayofuata namba, na kazi yake ni sawa na ya kitufe cha kuingiza. Bila alama hii, namba ya kitabu cha pili itabandikwa kwenye mkia wa ile ya kwanza.

Hatua ya tano: jaribu kwa programu nyepesi kabla ya kuingia katika programu ya maktaba. PuTTY, kwa mfano, hufungua poti na kuonyesha kila herufi inayofika. Chagua aina ya muunganisho wa mfululizo, taja poti na kasi, kisha soma kitabu kimoja. Namba ikionekana sawasawa, funga PuTTY ndipo ufungue programu ya maktaba. Poti moja haitumiwi na programu mbili kwa wakati mmoja.

3.3 Kusoma dalili za kosa

Tuseme kisomaji kimepangwa 7E1 na tarakilishi inasubiri 8N1, kasi zikiwa sawa. Mafungu yote mawili yana biti 10, kwa hiyo hakuna kinachokwama. Lakini tarakilishi itaichukua biti ya ukaguzi kana kwamba ni biti ya nane ya data. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zina idadi shufwa ya 1 katika msimbo wao, hivyo biti yao ya ukaguzi ni 0 nazo hufika salama. Tarakimu 1, 2, 4, 7 na 8 zina idadi witri. Biti yao ya ukaguzi ni 1, nazo hugeuka kuwa alama ngeni. Katika namba yetu ya mfano, tarakimu nane zitasomeka na tano zitaharibika. Hata alama ya tamati inayotumiwa sana, ile ya kurudi mwanzo wa mstari, itaharibika, na programu itaendelea kusubiri.

Msomaji akikutana na namba iliyoharibika nusu namna hii, asikisingizie kisomaji wala kitabu. Atazame mpangilio wa biti za data na ukaguzi. Ikiwa kila herufi ni takataka, atazame kasi. Ikiwa hakuna herufi yoyote, atazame poti, umeme na pini za kutuma na kupokea. Kama mhakiki asomavyo dosari za muswada ili ajue mkono ulioteleza, ndivyo dalili hizi zinavyoonyesha mahali kosa lilipozaliwa.

4.0 Muunganisho Usio na Waya

4.1 Kuoanisha

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4. Kikundi cha kampuni kinachosimamia kiwango hiki kiliundwa mwaka 1998, na jina lilitokana na lakabu ya Mfalme Harald Blåtand wa Denmark wa karne ya 10, ambaye lakabu yake ina maana ya jino la buluu. Visomaji vingi vidogo hufika umbali wa takriban mita 10 mahali peupe. Rafu za chuma, kuta na hata mwili wa msomaji mwenyewe hupunguza umbali huo.

Makubaliano ya kwanza hapa ni kutambuana, na Kiswahili cha simu kimelipa tendo hili jina zuri: kuoanisha. Washa kisomaji na ukisomeshe msimbo wa kukifanya kionekane. Katika tarakilishi, fungua mipangilio ya Bluetooth na utafute kifaa kipya. Likitokea jina lake, lilinganishe na lile lililobandikwa kwenye kisomaji. Katika chumba chenye visomaji viwili ni rahisi kumwoa asiye wako. Vifaa vya zamani hudai namba ya siri, aghalabu 0000 au 1234. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2007, vifaa vingi huoana bila kuandikiwa namba hiyo.

4.2 Kibodi au poti?

Baada ya kuoanisha kuna uamuzi mkubwa. Kisomaji chaweza kujitambulisha kwa tarakilishi kama kibodi au kama poti ya mfululizo.

Kikiwa kibodi, namba huandikwa popote ambapo kishale kimesimama, kana kwamba mtu anachapa. Njia hii ni nyepesi na haihitaji poti. Hatari yake ni kwamba kishale kikihama, namba za vitabu zitaandikwa ndani ya barua au kwenye kisanduku kisicho chake, na msomaji aliye mbali kati ya rafu hataona. Aidha, mpangilio wa kibodi unapaswa kulingana pande zote mbili. Tarakilishi iliyopangwa kwa kibodi ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi Bujumbura na Lubumbashi, yaweza kupokea alama za uakifishaji badala ya tarakimu, kwa kuwa katika kibodi hiyo tarakimu za safu ya juu hupatikana kwa kushikilia kitufe cha herufi kubwa.

Kikiwa poti, tarakilishi huunda poti ya kidhahania yenye jina kama COM7, na programu huitumia kana kwamba waya upo. Pengine zitaundwa poti mbili: ya kutoka na ya kuingia. Tarakilishi ikiwa ndiyo inayoanza kuita, tumia ya kutoka. Kisomaji kikiwa ndicho kinachoita, tumia ya kuingia. Kasi na biti unazozitaja hapa kwa kawaida haziathiri safari ya hewani, maana Bluetooth ina kanuni zake za mwendo na ukaguzi. Hata hivyo, alama ya tamati bado inahitajika, jina la poti bado linahitajika, na programu moja tu ndiyo itakayoifungua. Tunaona basi kwamba mizani na kina vimeachiwa vifaa vyenyewe, lakini kituo kimebaki mikononi mwetu.

Kwa kazi ya kuhesabu vitabu vya maktaba, tunapendekeza njia ya poti, kwa sababu namba haiwezi kupotelea kwenye dirisha lisilohusika. Kwa kazi ya mezani ya kuazimisha vitabu, kibodi inatosha.

4.3 Kutoka nje ya upeo

Mtu akitembea na kisomaji hadi mwisho wa ukumbi, mawasiliano yanaweza kukatika. Baadhi ya visomaji huhifadhi namba katika kumbukumbu na kuzituma vikirejea, vingine huzitupa. Fanya jaribio kabla ya kazi: soma vitabu vitano ukiwa karibu, vitano ukiwa mbali, rudi, kisha uhesabu. Ukipata 10, endelea. Ukipata pungufu, washa hifadhi ya kumbukumbu kwa msimbo wake kijitabuni, au sogeza tarakilishi karibu na rafu.

5.0 Lugha ya Maelekezo

Uandishi wa maelekezo haya umetufunza mambo matatu kuhusu Kiswahili cha teknolojia. La kwanza ni kwamba istilahi hufaa zaidi inapofuata kazi ya kitu. Poti ya tarakilishi si bandari. Ukiiita bandari, mwanafunzi wa Mombasa atatafuta meli. Vilevile, Bluetooth ni jina, na hakuna faida ya kuliita jino buluu. Lakini biti ya ukaguzi ikiitwa hivyo, tayari imejieleza.

La pili ni kwamba sarufi yetu inayafaa maelekezo. Kiambishi -ki- cha masharti huweka dalili mbele na tendo nyuma: ukiona hivi, fanya vile. Huo ndio mpangilio anaouhitaji mtu aliyeshika kifaa mkononi.

La tatu ni kwamba hifadhi ya istilahi ni matumizi. Neno lililomo kamusini lakini halijawahi kumsaidia mtu kuwasha kifaa bado ni pendekezo tu.

6.0 Hitimisho na Mazoezi

Tumeonyesha kwamba muunganisho wa waya husimama juu ya makubaliano ya kasi, biti za data, ukaguzi na kituo, na kwamba muunganisho usio na waya huongeza makubaliano ya kutambuana, ya aina ya kifaa na ya upeo. Tumeonyesha pia kwamba makosa yana dalili zinazosomeka. Vitabu vingi vya kale vya Kiswahili vilivyo rafuni havina msimbopau; hivyo vitahitaji kubandikwa lebo za maktaba yenyewe, na kwa bahati njema kisomaji kilekile, kwa mipangilio ileile, kitazisoma.

Wanachama wanaombwa kufanya mazoezi yafuatayo:

1. Chukua riwaya yoyote yenye ISBN ya tarakimu 13 na uthibitishe tarakimu yake ya mwisho kwa hesabu tuliyoieleza.

2. Kisomaji kimetumwa na 7E1 kwenye tarakilishi ya 8N1. Katika namba uliyoichagua, ni tarakimu zipi zitakazoharibika?

3. Andika, kwa sentensi zisizozidi kumi, maelekezo ya kuoanisha kisomaji kilicho katika maktaba yako. Mpe mwenzako ambaye hajawahi kukishika, na umwache ayafuate bila wewe kusema neno. Pale atakapokwama, usimrekebishe yeye, rekebisha sentensi. Yakikamilika, yabandike kwenye kabati la kifaa hicho, ili ajaye baada yako asianze upya.